Kubadilika na Kubadilishwa: Juu ya Lugha ya Vifuko vya Seli za Kinga

Kiswahili kina njia mbili za kueleza kwamba kitu hakiko tena kama kilivyokuwa. Maziwa yakikaa hubadilika yakawa mtindi. Hesabu za duka hubadilishwa na karani. Katika usemi wa kwanza hakuna anayeshtakiwa. Katika wa pili, hata mtendaji asipotajwa, yuko nyuma ya mlango, na msikilizaji hungoja jina lake. Tofauti hiyo kila mtoto aisemaye lugha hii huijua kabla hajashika kalamu, na wanasarufi wameipa majina, kauli ya kutendeka na kauli ya kutendeshwa. Haikutazamiwa kwamba ingepata kazi katika elimu ya vimelea, walakini imeipata. Kimelea kikiingia ndani ya seli ya kinga, vifuko vidogo mno ambavyo seli hiyo huvitoa nje huonekana kuwa si sawa na vile vya kwanza. Je, vimebadilika, au vimebadilishwa? Maandiko ya wataalamu, ambayo karibu yote ni ya Kiingereza, yanacho kitenzi kimoja kitumikacho kwa maana zote mbili, na kwa hiyo hulipita swali hilo kwa haraka. Mwalimu au mfasiri wa Kiswahili hana njia ya kulipita. Lugha yake humlazimisha achague, na akichagua ovyo atakuwa amesema jambo ambalo ushahidi haujalisema.

Yafaa kwanza vifuko vyenyewe vielezwe. Karibu kila seli ya mwili hutoa nje mapande madogo yaliyofungwa kwa utando wake mwenyewe. Baadhi hutengenezwa ndani: utando wa chumba kidogo kilichomo katika seli hujikunja na kufanya vifuko vingi ndani ya chumba hicho, kisha chumba huungana na ukuta wa nje na kumwaga vilivyomo. Vifuko vya namna hii ndivyo vinavyoitwa eksosomu, na upana wao ni kama nanomita 30 hadi 150, yaani milimita moja ikigawanywa mara milioni, ndizo sehemu zake 30 hadi 150. Vingine huchipuka moja kwa moja katika ukuta wa seli, na hivyo huweza kuwa vikubwa zaidi. Vifuko 70 au zaidi vya nanomita 100 vikipangwa mstari ndipo vinapotimiza upana wa seli moja nyekundu ya damu. Ndani yake mna protini, mafuta, na vipande vya RNA.

Historia ya kuvitaja ni historia ya watu kutaja kile walichodhani kuwa ni kazi yake. Mwaka 1967 Peter Wolf, Mwingereza, aliona vipande vitokavyo katika chembe za kugandisha damu akavilinganisha na vumbi. Mwaka 1983 makundi mawili, moja la St. Louis katika Marekani na jingine la Montreal katika Kanada, yalizichungua seli nyekundu changa zinapokomaa, yakaona kwamba zile protini za kupokelea chuma ambazo seli haizihitaji tena hutupwa nje zikiwa zimefungwa katika vifuko. Basi vikawa takataka. Jina la eksosomu lilizoeleka kwa vifuko hivyo baada ya Rose Johnstone wa Montreal na wenzake kulitumia mwaka 1987. Kisha mwaka 1996 Graça Raposo na wenzake walionyesha kwamba vifuko vya seli B, ambazo ni seli za kinga, vyaweza kuziamsha seli T. Na mwaka 2007 kundi la Gothenburg katika Uswidi likaonyesha kwamba vifuko vya aina nyingine ya seli za kinga huchukua RNA, na kwamba RNA ya panya iliyochukuliwa hivyo ilisomwa na seli ya mtu na kutengenezwa protini. Tangu hapo takataka ikawa barua.

Hapa ndipo pa kusita. Tafsiri ya takataka haikukanushwa na tafsiri ya barua. Seli nyekundu changa hutupa kweli kile isichokihitaji, leo kama mwaka 1983. Kilichotukia ni kwamba tashbiha moja iliondoka katika maandiko na nyingine ikaketi pahali pake, na iliyokuja ina tabia mbaya ambayo ile ya kwanza haikuwa nayo. Takataka haina anwani. Barua ina mwandishi, ina mpokeaji, na ina nia. Mara tu kifuko kinapoitwa barua, msomaji ana haki ya kuuliza ni nani aliyeiandika, na mtungaji hujikuta akilijibu swali hilo kwa sababu tashbiha yake imeuliza, wala si kwa sababu kipimo chake kimejibu.

Katika seli yenye afya hasara ya jambo hili ni ndogo. Katika seli iliyoingiwa na kimelea hasara ni kubwa, na mfano mwema ni ugonjwa wa kala-azari. Jina lake latoka Bara Hindi, na kimelea chake, Leishmania donovani, kilipewa jina mwaka 1903 kwa heshima ya matabibu wawili, Leishman na Donovan. Katika Afrika ya Mashariki ni ugonjwa wa nchi kavu: Baringo, Pokoti Magharibi na Turkana katika Kenya, Karamoja katika Uganda, na kaskazini zaidi Sudani Kusini, Sudani na Ethiopia. Mapema katika miaka ya 1950 ulizuka kwa nguvu huko Kitui, na wachunguzi wakaelekezwa kwenye vichuguu, ambamo usubi hujificha mchana. Usubi jike akimwuma mtu humtia kimelea. Kimelea humezwa na makrofaji, ile seli kubwa ya kinga ambayo kazi yake ni kumeza na kuyeyusha wavamizi. Na humo ndani, badala ya kuyeyuka, hukaa na kuzaana. Bandama na ini huvimba, homa haikatiki, mwili hukonda, na mgonjwa asipotibiwa karibu daima hufa.

Vitabu vya shule hupenda kuziita seli za kinga askari. Tashbiha hiyo ni nyepesi na hufaa kwa kidonda kilichoingia usaha: adui amekuja, askari wamemwendea, wamekufa wengi. Kwa kala-azari haifai hata kidogo. Huyu ni askari ambaye adui anaishi tumboni mwake, tena hakuingia kwa siri bali alimezwa na askari mwenyewe katika kutimiza wajibu. Mwanafunzi aliyefundishwa habari za askari atakuwa na neno moja tu la kulieleza jambo hili, nalo ni usaliti, na neno hilo ni uongo. Kiswahili kina maneno yaliyo bora zaidi, nayo yamekwisha kuenea. Kimelea ni kitu kinachomea juu ya kingine, kama mmea uotao juu ya mti. Neno halisemi vita wala hila, lasema tu pahali kitu kilipoota. Na seli au mnyama akaaye kimelea huitwa mwenyeji. Mwenyeji si adui wala mshirika wa yule aliyemwingilia. Nyumba ni yake, chakula ni chake, na mwendo wa nyumba hubadilika mgeni akiwamo, apende asipende. Ajabu ni kwamba waandishi wanaotumia maneno haya mawili katika ukurasa wa kwanza huyaacha katika ukurasa wa pili na kurudia askari.

Sasa na itazamwe kazi yenyewe ya maabara. Mwaka 2007 Bhatnagar na wenzake, wa chuo cha Notre Dame huko Indiana, walikusanya vifuko vya makrofaji zilizoambukizwa, nyingine kwa bakteria wa kifua kikuu au salmonela, nyingine kwa kimelea cha toksoplasma. Vifuko hivyo vilipowekwa mbele ya makrofaji ambazo hazijaguswa, viliziamsha zikatoa viashiria vya kuwasha kinga. Yaani, kwa tashbiha ya barua, hiyo ilikuwa barua ya hatari iliyoandikwa na mwenyeji. Mwaka 2013 Hassani na Olivier wa Montreal walifanya jambo lililo la busara zaidi. Hawakulinganisha tu vifuko vya makrofaji zenye Leishmania mexicana na vile vya makrofaji zisizoguswa; waliweka na kundi la tatu, makrofaji zilizoshtuliwa kwa sumu ya utando wa bakteria, ambayo haina uhai wala shabaha. Ikaonekana kwamba vifuko vya makundi hayo mawili yaliyoshtuliwa vilikuwa na protini nyingi za namna moja, na juu ya hizo kila kundi lilikuwa na alama zake lenyewe.

Kundi hilo la tatu lina thamani kuliko kurasa nyingi za maelezo. Laiti lisingekuwapo, kila tofauti iliyoonekana ingeandikwa kuwa ni kazi ya kimelea, na kitenzi kingekuwa kubadilishwa toka mwanzo hadi mwisho. Kwa kuwa lilikuwapo, yadhihirika kwamba sehemu kubwa ya tofauti ni ya kubadilika: ndiyo tabia ya makrofaji yoyote iliyoshtuka, iwe imeshtushwa na kimelea au na sumu tupu. Sehemu iliyobaki, zile alama za kambi ya Leishmania peke yake, ndiyo iwezayo kuombewa kauli ya kutendeshwa. Na hata hiyo yahitaji ushahidi wa namna nyingine. Makrofaji imemeza kitu, na kumeza ni kazi inayobadilisha mwendo wa seli, hata kilichomezwa kikiwa ni kimelea kilichokufa au ushanga wa plastiki. Majaribio yasiyokuwa na mlinganisho wa namna hiyo hayana idhini ya kumtaja mtendaji.

Ushahidi ufaao unajulikana, na umekwisha kutumika katika jambo lililo karibu na hili. Mwaka 2010 Silverman, Reiner na wenzao wa Vancouver walichungua vifuko vinavyotolewa na Leishmania yenyewe, maana kimelea hiki nacho ni seli na hutoa vifuko vyake. Vifuko vya kimelea cha kawaida vilizifanya seli changa za kinga za mtu zizidishe kiashiria cha kutuliza na kupunguza kile cha kuwasha. Kisha wakachukua vimelea vilivyoondolewa jeni moja, ile ya protini iitwayo HSP100. Shehena ya vifuko vyao ilikuwa nyingine, na matokeo yakageuka: vikawasha badala ya kutuliza. Hapo mtendaji ameondolewa na tendo limegeuka; basi kauli ya kutendeshwa imepata haki yake. Wanaosema kwamba kimelea hubadilisha vifuko vya makrofaji wanadaiwa jaribio kama hilo kwa kila badiliko wanalolitaja, na ni wachache waliolipa.

Kuna shida nyingine, nayo si ya kitenzi bali ya kiambishi cha umilikaji. Vifuko hivi ni vya nani? Namna iliyozoeleka ya kuvipata ni kuyachukua maji ambamo seli zilikuzwa na kuyazungusha katika mashine kwa kasi kubwa sana, hata nguvu ikafika mara 100,000 ya uvutano wa dunia, na kile kitulizanacho chini ndicho huitwa vifuko. Mashapo hayo huchanganya mengi. Mna vifuko vya makrofaji, mna vifuko vya kimelea, mna vipande vya seli zilizokufa, mna protini zilizoshikamana. Na kama maji ya kukuzia yalitiwa seramu ya ndama, kama ilivyo desturi, mna na vifuko vya ndama asipoangaliwa. Ngano ikipimwa pamoja na makapi na mchanga, uzito wake hausemi habari za shamba. Chama cha kimataifa cha wachunguzi wa vifuko kimetoa miongozo juu ya jambo hili mwaka 2014, 2018 na 2023, na moja ya nasaha zake ni kwamba jina la eksosomu lisitumike ila pale ambapo imeonyeshwa kwamba vifuko vilizaliwa ndani ya seli. Kwingine yatosha kusema vifuko vya nje ya seli. Nasaha hiyo ni ya lugha kama ilivyo ya maabara, na yafaa isikilizwe na wenye lugha.

Mfano wa kuonyesha ugumu wa umilikaji ni kazi ya Gioseffi na wenzake, wa Florida, ya mwaka 2020. Katika vifuko vya makrofaji zenye Leishmania donovani walikuta protini ya kimelea iitwayo vasohibini, na vifuko hivyo vilizifanya seli za ukuta wa mishipa ya damu zitoe viashiria vya kuotesha mishipa mipya na kujipanga kama mirija. Kazi hii ni nzuri, na kilichomo ni kizito: ikiwa kimelea huoteshewa mishipa ya damu karibu na kilipo, basi kidonda na bandama zina habari mpya ya kutafutwa. Lakini kifuko hicho ni cha nani? Utando ni wa mwenyeji, protini moja iliyotajwa ni ya mgeni, na zilizosalia nyingi ni za mwenyeji. Kukiita cha kimelea ni kuipa protini moja nyumba nzima. Kiswahili chaweza kusema bila taabu kifuko cha makrofaji chenye protini ya kimelea. Ni maneno mengi, kweli, lakini hayadanganyi.

Kinyume cha uangalifu huo ni ile tashbiha ya farasi wa mbao wa Troy, ambayo mwaka 2003 ilipewa vifuko na Gould na wenzake walipokuwa wakieleza habari za virusi, na tangu hapo imeenea katika maandiko ya vimelea. Kwa virusi ilikuwa na maana maalumu, nayo ilitolewa kama dhana ya kupimwa. Ilipohamia kwa vimelea ilibaki pambo. Farasi yule alijengwa na Wayunani, nje ya mji, kwa mbao zao. Kifuko cha makrofaji hujengwa na mwenyeji, ndani ya nyumba yake, kwa utando wake. Tashbiha isiyopatana na kitu chake hata katika jambo moja haina budi kuachwa, ingawa inapendeza masikioni.

Basi Kiswahili kiviite vipi? Baadhi ya maneno yamekwisha kujaribiwa midomoni mwa walimu. Kipovu kina wepesi wake, ila povu ni hewa, nao msomaji atadhani hamna kitu ndani. Lengelenge lina maji ndani na utando nje, lakini ni dalili ya kuungua au kusuguliwa, na seli yenye afya nayo hutoa vifuko. Kifurushi na bahasha zina kosa lile lile la barua: zimefungwa na mtu, zimeandikwa anwani. Kifuko ndilo neno lisilo na madai. Mfuko hutiwa kitu, hilo ni kweli. Lakini waweza kutiwa dhahabu au maganda ya ndizi, waweza kupelekwa au kutupwa, na neno halitoi hukumu. Kwa kitenzi, kutoa chatosha. Kutuma na kutupa zingoje ushahidi.

Huenda ikadhaniwa kwamba haya ni mashindano ya wapenda maneno. Si hivyo, na atakayelipa gharama ya kosa ni mgonjwa. Kipimo cha haraka cha kala-azari kitumikacho zahanati, kile cha rK39, huonyesha kingamwili katika damu. Katika Afrika ya Mashariki hukosa wagonjwa wengi zaidi kuliko katika Bara Hindi. Tena kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya kupona, hata homa ikimrudia mtu aliyewahi kutibiwa kipimo hakiwezi kusema kama ugonjwa umerudi. Hapo daktari hubaki na njia ya kuyatafuta maji ya uboho wa mifupa au kuchoma bandama kwa sindano, na bandama iliyovimba yaweza kuvuja damu ndani. Ndiyo maana vifuko vimetazamiwa kwa matumaini: yamkini tone la damu litaonyesha vifuko vya makrofaji zenye kimelea, na sindano ya bandama iwekwe kando.

Tumaini hilo limesimama juu ya tofauti ile ile ya kauli mbili. Badiliko lililo la kubadilika tu, yaani mshtuko wa makrofaji, litaonekana pia kwa mwenye kifua kikuu, kwa mwenye homa ya matumbo, na kwa mtoto mwenye malaria, ambao wote hukaa nchi moja na mwenye kala-azari na huja zahanati na homa ya kufanana. Kipimo kilichojengwa juu yake kitawaita wote wagonjwa wa kala-azari, nao watatiwa dawa kali isiyo yao. Ni badiliko lile la kutendeshwa peke yake, lenye alama ya kimelea ndani ya kifuko cha mwenyeji, liwezalo kujengewa kipimo. Na hata hilo halina budi kwanza lionyeshwe kwamba hutoweka mgonjwa anapopona. Anayeandika kwa Kiswahili kwamba kimelea hubadilisha vifuko, hali ushahidi wake wasema tu kwamba vifuko hubadilika, amemwahidi mganga wa zahanati ya Kimalel au ya Amudat kipimo ambacho hakipo.